Nyumba Inauzwa Suguti, Lakini Nani Muuzaji?

Ukizunguka mitaa ya miji yetu utakutana na maandishi ya aina mbili ukutani. Ya kwanza, kwa rangi nyekundu na herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine wanaongeza, OGOPA MATAPELI. Ya pili, mara nyingi kwa chaki au mkaa, na namba ya simu chini yake: NYUMBA INAUZWA. Miaka yote nilidhani maandishi haya yanapingana. Nilipokwenda Suguti kumsindikiza binamu yangu kutafuta nyumba, ndipo nikagundua kwamba yote mawili yanazungumzia jambo moja. Nani mwenye mamlaka ya kusema inauzwa au haiuzwi?

Binamu yangu ni mtumishi wa serikali. Halmashauri ya Wilaya ya Musoma ilikuwa na ofisi zake Musoma mjini miaka nenda rudi, kisha makao makuu yakahamishiwa Suguti, huko vijijini kwenyewe. Mtumishi hana hiari, kazi ikihama naye anahama. Alichoka kupanga chumba kimoja na kushtuliwa na kodi ya miezi sita, akasema, "Kaka, twende ukanione hiyo nyumba, wewe unajua kuuliza maswali." Nikaenda.

Nyumba yenyewe si ya kutia mtu kiwewe. Vyumba vitatu na sebule, matofali ya kuchoma, bati lililokwisha kubadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa. Ukuta wa mbele umepigwa plasta, wa nyuma bado. Jiko liko nje, choo cha shimo kiko pembeni, na kuna mwembe mkubwa ambao kivuli chake kina thamani kuliko sebule saa saba mchana. Kiwanja ni hatua 40 kwa 25. Nyuma ya nyumba kuna mwamba, kama ilivyo sehemu nyingi za huku, na juu ya mwamba mihogo imeanikwa. Ukisimama pale unasikia mashine ya kusaga, bodaboda wakibishana kijiweni, na lori la mchanga likishusha mzigo jirani, maana kila mtu sasa anajenga vyumba vya kupangisha. Duka la vifaa vya ujenzi lina misumari, saruji na bati. Upepo ukigeuka unakuletea harufu ya dagaa.

Tuliipenda. Kijana aliyetupokea, mtoto wa pili wa marehemu mwenye nyumba, alitaja milioni kumi na nane, akaongeza haraka kwamba "maelewano yapo". Binamu yangu akanikonyeza. Halafu tukazunguka nyuma, karibu na mwamba, tukakuta makaburi matatu. Mawili ya zamani yamezungushiwa mawe tu, moja jipya lina saruji na msalaba. Na pembeni yake, kwenye kigoda, alikaa bibi mmoja akichambua maharage. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika, "Marahaba wajukuu zangu." Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, akauliza, "Mmekuja kununua na hawa?"

Na hawa. Alikuwa anazungumzia makaburi.

Basi, swali lile la bibi ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nilirudi nyumbani nikaanza kupekua. Nyumba ilianza lini kuuzwa huku kwetu?

Jina Suguti lina upana kuliko kata yenye vijiji vichache na mto unaomwaga maji Ziwa Viktoria. Wanaisimu wamelichukua jina hili wakaliita kundi zima la lugha ndugu za upande huu wa ziwa: Kijita, Kikwaya, Kiregi, na Kikara cha kule kisiwani Ukara. Wenye lugha hizi, pamoja na majirani zao wa Mara, walijenga nyumba za miti, udongo na nyasi, na nyumba hiyo haikuwa na bei. Si kwamba ilidharauliwa. Udongo wa shamba ukichoka, maradhi yakizidi, au mkuu wa boma akifa, watu walihama na kujenga kwingine. Palipohamwa pakabaki na miti iliyopandwa, mawe ya mafiga na makaburi. Kiswahili kina neno tongo, yaani mahali palipohamwa, mahame, na lugha za Mara zina ndugu yake neno hilo. Kule Butiama, mahali alipozikwa Mwalimu Nyerere Oktoba 1999 panaitwa Mwitongo. Kwa hiyo tongo si ardhi tupu. Wenyewe hawapo lakini bado ni wenyewe, kwa sababu wafu wao wako pale.

Serikali za wageni zilipokuja hazikuliona tongo, ziliona pori. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yao. Waingereza nao, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1923, wakaiweka ardhi ya Tanganyika chini ya Gavana, na mwaka 1928 wakarekebisha ili wenyeji waliokaa kwa mila watambuliwe kuwa nao wana haki ya kukaa. Haki ya kukaa, lakini mwenye ardhi ni mwingine. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipoanza kuwa mwenye nyumba asiye na ardhi chini ya nyumba yake.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilileta wazo kwamba Waafrika waanze kumilikishwa ardhi moja kwa moja, waweze kuiuza kama mali nyingine. Nyerere alilipinga katika andiko lake la "Mali ya Taifa". Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba ardhi hakuna aliyeiumba. Jasho la mtu linampa haki juu ya alichokifanya pale, shamba alilofyeka na nyumba aliyoijenga, lakini halimpi haki ya kuigeuza ardhi yenyewe kuwa bidhaa. Akaonya kwamba ardhi ikiuzwa sokoni, wenye fedha wataimaliza na wengine watageuka wapangaji katika nchi yao. Mimi nikilisoma wazo hilo namwona mtoto wa Butiama aliyekua akijua tongo ni nini. Ukiwapo panakuwa pako, ukihama panarudi kwa wote, ila wafu wanabaki.

Baada ya Uhuru, wazo hilo likawa sheria. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi wa milele waliokuwa nao wachache ulifutwa, wakabaki na upangaji wa muda kutoka serikalini. Tangu hapo, kisheria, Mtanzania alipouza alikuwa anauza maendelezo: kuta, bati, miembe na migomba. Ardhi haikuwa na bei. Sasa wewe unajua jinsi watu walivyo. Mtu mwenye kiwanja kitupu anachotaka kukiuza anafanyaje? Anasimamisha kibanda cha chumba kimoja, anapanda migomba miwili, halafu anauza "nyumba". Wote wawili wanajua kinachouzwa ni kiwanja, lakini karatasi inasema banda. Ndiyo maana hadi leo wazee wengi watakwambia "niliuza banda langu" hata kama kulikuwa na ekari mbili nyuma yake.

Kisha vikaja vijiji. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na hadi mwisho wa 1976 mamilioni ya watu nchini walikuwa wamehamishwa, Mara ikiwamo. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika kila mtu na shamba lake zikapangwa mistari kandokando ya barabara. Mtaa wa namna hii wa leo, wenye nyumba zinazotazamana na barabara katikati, ni mtoto wa operesheni ile. Jirani yako si lazima awe wa ukoo wako. Ni mtu mliyepimiwa naye siku moja kwa kamba moja. Na nyuma, kule mlikotoka, mkaacha matongo mapya, safari hii bila kupenda.

Mgogoro uliozaliwa hapo ulikuwa mkubwa. Aliyepewa kiwanja na kijiji alikuwa amekaa juu ya shamba la zamani la mwingine. Mwaka 1992 ilitungwa sheria ya kufuta haki za kimila za waliohamishwa, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililotoka mkoa wa Arusha, ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, haifutwi hivi hivi bila fidia. Miaka hiyohiyo tume ya ardhi iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi nzima ikisikiliza malalamiko ya wananchi, na baada yake zikaja sheria mbili za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zilizoanza kutumika Mei 2001. Humo ndani kuna sentensi fupi iliyobadilisha mambo: ardhi ina thamani, na thamani hiyo izingatiwe. Maonyo ya 1958 yakawekwa pembeni kimyakimya.

Nyumba yetu ya Suguti imepita katikati ya yote haya. Kijana alitusimulia kwamba baba yake alianza na chumba kimoja cha udongo. Sangara walipofanya vizuri ziwani na viwanda vya minofu vikawa vinanunua Musoma, mzee alikuwa na sehemu katika mtumbwi, akachoma matofali, akaezeka bati. Kila msimu mzuri chumba, kila msimu mbaya ukuta unasubiri. Ukiutazama ukuta wa nyuma usio na plasta unaweza kusema ni pale samaki walipopungua. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza ina bei gani. Makao makuu ya halmashauri yalipokuja, wapita njia wakaanza kusimama na kuuliza. Watoto wa marehemu, mmoja yuko Mwanza na mwingine machimboni Geita, wakasikia. Chaki ikaandika ukutani.

Sasa turudi kwa bibi.

Tulipomuuliza kijana nani msimamizi wa mirathi, akacheka. "Sisi watoto tumekubaliana, inatosha." Haitoshi. Mali ya marehemu haiuzwi kwa watoto kukubaliana kwenye simu. Ukoo unakaa, unaandika muhtasari, unapendekeza jina, jina linakwenda Mahakama ya Mwanzo, tangazo linabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo mahakama inamteua msimamizi. Anayenunua kabla ya hapo amenunua kesi. Binamu yangu akasema turudi ukoo ukikaa. Kijana alinuna, lakini baada ya wiki tatu akapiga simu. Kikao kimepangwa, njooni msikilize wenyewe kama mna haraka.

Tukakaa chini ya mwembe. Na hapo nikaona historia yote niliyokuwa nikiipekua imevaa nguo na kukaa kwenye mabenchi.

Mtoto mkubwa alisimama akasema yeye ndiye mrithi, kwa mila. Alikuwa na hoja. Mwaka 1963 serikali ilitangaza rasmi sheria za mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba, zilizokusanywa na kuandikwa chini ya mtaalamu wa serikali aliyeitwa Hans Cory. Humo mtoto wa kiume wa kwanza ana fungu kubwa, binti yuko daraja la mwisho, na mjane hana fungu lake ikiwa kuna watoto, anatunzwa na watoto wake.

Akasimama mzee mmoja wa makamo aliyetoka upande wa Nyegina. Akasema, "Mimi sina ugomvi, lakini huyu aliyelala pale alikuwa mjomba wangu, na sisi ni Wakwaya." Vijana wakatazamana. Wazee wakatikisa kichwa taratibu. Maana Wakwaya wa zamani walihesabu ukoo kwa mama, na mali ya mtu ilikwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Mtafiti Hugo Huber aliyeandika kitabu juu ya ndoa na familia Bukwaya, kilichotoka 1973, aliukuta utaratibu huo ukibadilika, baba wakitaka jasho lao liende kwa watoto wao. Miaka hamsini baadaye mpwa bado anakuja kikaoni, walau kusema yupo. Kwa hiyo hata hiyo "mila yetu" ambayo mtoto mkubwa aliishika kama fimbo, ilikuwa mila ya nani hasa? Karatasi ya 1963 ilikuwa imechagua upande mmoja, na pale chini ya mwembe pande zote mbili zilikuwa zimehudhuria.

Bibi alisubiri wamalize. Akauliza maswali mawili tu. Matofali yalipochomwa, kuni alibeba nani? Na mtumbwi ulipokuwa unarudi mtupu, hawa wanaume wawili walikula nini? Alikuwa amelima mihogo ile ile iliyoanikwa juu ya mwamba. Hakuna aliyejibu.

Bibi hakujua kwamba swali lake lilishajibiwa mahakamani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lile lilikuwa shauri la talaka, si la mirathi, lakini mlango ulifunguliwa. Na mwaka 1990, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua shauri ambalo wanafunzi wa sheria hulijua kama Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kagera alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000. Ndugu wa kiume akashtaki kwamba kwa mila mwanamke hauzi ardhi ya ukoo. Jaji akasema Katiba imekataza ubaguzi, na mwanamke anauza kama mwanamume anavyouza. Ng'ambo ile ya ziwa letu hilihili.

Nilitamani kusimama niyaseme hayo. Sikusema, mgeni hasimami kwenye kikao cha ukoo cha watu. Lakini balozi wa pale, mzee aliyestaafu ualimu, alisema kwa lugha nyepesi: "Mkienda mahakamani bila mama yenu, hakimu atawauliza mama yuko wapi. Bora tumjibu kabisa hapa." Kikao kikamteua bibi kuwa msimamizi wa mirathi, mtoto mkubwa akiwa msaidizi wake. Mpwa akapewa nafasi ya kutia sahihi kama shahidi, akaridhika. Sidhani kama alitaka zaidi ya hapo.

Mahakama ilipomthibitisha, tukabaki na kijiji. Hapa wengi hujikwaa, kwa hiyo nalisema wazi: muhuri wa mtendaji peke yake si idhini ya kijiji. Ardhi ya kijiji ina halmashauri ya kijiji, na mauzo kwa mtu asiye mwanakijiji yanapaswa kupita kwenye kikao chake na kuandikwa kwenye muhtasari. Tulisubiri kikao. Walimhoji binamu yangu kama atakaa kweli au anataka kununua aweke uzio aondoke. Akasema atakaa. Mmoja akamuuliza kama anajua kulima. Watu wakacheka, lakini mimi nililiona swali la zamani humo ndani. Bado wanataka kujua kama anayekuja analeta jasho au anakuja na pesa tu.

Bei ilishuka hadi milioni kumi na tano, kwa sababu bibi, kama msimamizi, aliweka sharti. Kipande cha nyuma chenye makaburi, hatua nane kwa kumi, kimeondolewa kwenye mauzo, na njia ya kupita kwenda pale inaachwa wazi upande wa mwembe. Vijana walilalamika kwamba mama amewapotezea milioni tatu. Bibi akasema zile milioni tatu ndizo atakazozikwa nazo.

Siku ya kuandikishana, wino uliwekwa mezani. Dole gumba la kwanza lilikuwa lake. Kisha watoto, kisha mpwa, kisha binamu yangu, kisha mashahidi wetu na wao. Majina tisa kwenye karatasi moja, kwa nyumba ya vyumba vitatu yenye ukuta mmoja usio na plasta.

Bibi alihamia kwa mwanawe Mwanza, lakini hurudi kiangazi kufagia makaburi. Akija anapita kwa binamu yangu kwanza, anakaa kwenye kigoda kilekile alichokiacha, wanakunywa chai. Binamu yangu amefuta yale maandishi ya chaki. Nilimuuliza kwa utani kama ataandika NYUMBA HII HAIUZWI, kama watu wa mjini. Akasema hakuna haja. Atakayetaka kuiuza au kuinunua hapo mbeleni itabidi kwanza apite kwenye ile njia ya pembeni ya mwembe, na huko ataona mwenyewe ni wangapi wa kuulizwa.